Maswali ya Wasomaji: Fremu ya Simu Inayovumilia Mikwaruzo

Swali: Nataka kununua simu. Dukani Moi Avenue nimeonyeshwa tatu: moja ya alumini, moja ya stenlesi iliyotumika, na moja ya titani. Muuzaji anasema ya titani haikwaruziki kabisa. Mimi hubeba mkoba wenye funguo na sarafu. Nimwamini? – *Msomaji, Umoja*

Jibu: Kwa hilo usimwamini. Titani ina sifa zake: ni nyepesi kuliko stenlesi, haishiki kutu na haipindi ovyo. Apple iliitumia kwenye iPhone 15 Pro mwaka 2023, na mapema 2024 Samsung ikatoa Galaxy S24 Ultra yenye fremu ya titani. Lakini kupinda ni jambo moja na kukwaruzika ni jingine.

Tazama kwanza kinachokwaruza. Funguo nyingi ni za shaba njano iliyopakwa nikeli, na shaba njano ni laini. Kinachochimba fremu ni chembe za mchanga zilizotuama chini ya mkoba. Mchanga wa mto unaoletwa na malori kutoka Machakos kujengea maghorofa ya Nairobi una kwatzi tele, aina ya madini magumu, na ugumu wa kwatzi ni 7 kwenye kipimo cha Mohs, kinachopima ugumu kutoka 1 hadi 10. Titani ni 6, stenlesi iko chini ya hapo, na alumini tupu haifiki 3. Kati ya metali hizo tatu hakuna inayoishinda kwatzi. Kazi ya funguo ni kuikandamiza ile chembe na kuisugua kwenye fremu.

Ndiyo maana koti la juu lina maana kuliko jina la metali. Alumini ya simu hutumbukizwa katika asidi ya salfuriki, umeme ukapitishwa hadi uso wake ugeuke oksidi. Tabaka hilo la anodaizi kwa kawaida lina unene wa maikroni 10 hadi 20. Unywele wa mtu ni kama maikroni 70. Lina vitundu vidogo sana vinavyonyonya rangi, kisha vitundu hivyo huzibwa kwa maji moto. Lenyewe ni gumu kuliko stenlesi. Kasoro iko chini yake, kwa sababu alumini ni laini. Ukibonyeza kwa ncha kali, tabaka hupasuka kama utando juu ya uji mzito: utando una nguvu zake, ila uji hauushikilii.

Stenlesi ya rangi ya fedha iliyong'arishwa kwa kawaida haina koti la rangi. Hupata mikwaruzo myembamba mapema sana, lakini yote ni ya rangi ileile, na inaweza kung'arishwa. Stenlesi nyeusi au ya dhahabu, na titani yenye rangi, hupakwa koti la PVD: metali huvukizwa ndani ya chumba kisicho na hewa, ikatua juu ya fremu kwa unene wa maikroni chache tu. Makoti ya namna hii, kama titani nitridi, ni magumu kuliko kwatzi yenyewe. Lakini ni membamba, na likishatobolewa unaona metali nyeupe chini ya rangi nyeusi.

Kwa mkoba wako sisi tungechukua alumini ya rangi ya fedha isiyong'aa, tukaacha titani nyeusi. Alama zitaingia, ila rangi ya chini inakaribia ya juu na jicho halizioni. Mwaka 2016 Apple yenyewe iliwaarifu wanunuzi wa iPhone 7 ya Jet Black (nyeusi inayong'aa) kwamba uso wake una ugumu sawa na bidhaa zake nyingine za anodaizi, ila mng'ao wake ungeonyesha mikwaruzo midogo. Na simu uitie kwenye mfuko wa ndani wenye zipu, usio na kitu kingine. Mfuko huo ugeuze nje uukung'ute kila wiki.

Swali: Simu yangu ya bluu iliyokolea ina miezi miwili. Kwenye ukingo wa kamera rangi imetoka, kumebaki mstari mweupe, ilhali mgongo mzima ni safi. Iko ndani ya kava ngumu siku zote. Je, niliuziwa feki? – *Msomaji, South B*

Jibu: Si lazima iwe feki. Anodaizi hukua wima kutoka kwenye uso wa alumini. Mahali bapa hukua ikiwa imeshikamana. Kwenye ukingo mkali, pande mbili hukua zikiachana, na katikati hubaki nyufa ndogo. Kitu kikigusa hapo, tabaka humeguka vipande badala ya kuchoreka tu. Malalamiko ya aina hii yalisikika kuhusu iPhone 17 Pro mwaka 2025, simu iliyorudi kwenye alumini baada ya matoleo mawili ya titani: ukingo wa sehemu iliyoinuka ya kamera ulichubuka kuliko sehemu bapa. iPhone 5 nyeusi ya 2012 ilichubuka vivyo hivyo kingoni, na toleo la 5s mwaka uliofuata likaja na kijivu chepesi zaidi. Unaponunua simu ya rangi nzito, pitisha kidole ukingoni. Ukingo wa mviringo utadumu kuliko ule unaokata.

Kava yako nayo inachangia. Kava ngumu isiyobana sawasawa hucheza kila unapotembea, na vumbi lililoingia linasuguliwa ukingoni kutwa nzima. Badilisha uchukue ya silikoni laini inayobana. Ivue mara moja kwa wiki, uioshe kwa sabuni, uikaushe kabisa. Simu yenyewe ifute kwanza kwa kitambaa chenye unyevu kidogo ili chembe zinyanyuke, ndipo utumie kikavu. Ukianza na kikavu unaziburuta juu ya fremu.

Anodaizi hairudishwi simu ikiwa nzima, kwani fremu ingebidi izamishwe kwenye asidi. Fundi anayekuahidi hivyo atapuliza rangi tu. Unaweza kuficha mstari kwa rangi ya kucha inayofanana: futa kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 70, paka tone dogo kwa ncha ya kijiti cha meno, mbali na vitundu vya maikrofoni, kisha uache hadi kesho yake kabla ya kurudisha kava. Itang'oka baada ya muda na utairudia. Na usisafishe fremu kwa dawa ya kuzibua sinki yenye kostiki soda. Huyeyusha oksidi ya alumini na kuacha mabaka.

Swali: Fremu yangu ya titani ina madoa meusi mahali ninaposhika, na mstari mmoja wa fedha ambao ukucha hauuhisi. – *Msomaji, Kilimani*

Jibu: Madoa ni mafuta ya ngozi. Apple imeeleza kwamba mafuta hayo yanaweza kubadilisha rangi ya titani kwa muda, na kitambaa laini chenye unyevu huyaondoa. Mstari nao huenda si mkwaruzo. Titani ni ngumu kuliko shaba njano, kwa hiyo huenda ni ufunguo uliolika na kuacha unga wake juu ya fremu. Sugua polepole kwa raba nyeupe ya penseli. Mstari ukitoka, fremu haikuumia. Usipotoka, acha hapo hapo.

Swali: Nimenunua iPhone X ya rangi ya fedha iliyotumika. Fremu imejaa mikwaruzo myembamba. Fundi wa Luthuli Avenue anataka kuisugua kwa dawa ya meno. Nimwachie? – *Msomaji, Kayole*

Jibu: Kwa dawa ya meno, hapana. Kila aina ina chembe za ukubwa wake, na nyingine zitaongeza ukungu. Fremu hiyo ni stenlesi, na ya rangi ya fedha unaweza kuing'arisha mwenyewe kwa krimu ya metali inayouzwa supamaketi.

Zima simu, vua kava, futa mchanga wote kwa kitambaa chenye unyevu. Usiitumbukize kwenye maji hata kama iliuzwa ikiwa inazuia maji, maana simu iliyowahi kufunguliwa huenda gundi yake haizibi tena. Bandika selotepu ya karatasi kwenye kingo za kioo, mbele na nyuma, halafu uzibe tundu la chaji, spika na vitufe. Hatua hii wengi huiruka na kuijutia: krimu huondoa utando unaozuia alama za vidole kwenye kioo, na ikiingia kwenye wavu wa spika inakauka humo na sauti inapungua.

Chukua krimu ya ukubwa wa punje ya mchele kwenye kitambaa cha pamba. Sugua kwa kufuata urefu wa fremu, kwa mkono mwepesi, nusu dakika hivi. Kitambaa kitakuwa cheusi, na hiyo ni dalili kuwa metali inatoka. Futa, tazama kwenye mwanga wa dirisha, rudia kwa sehemu safi ya kitambaa. Mistari ya plastiki ya antena, ile inayokata fremu vipande, ipitie haraka. Ukucha ukinasa kwenye mkwaruzo, uache, kwani kuufuta ni kuchimba bonde kuzunguka. Maliza kwa kufuta na isopropili, kisha ung'oe selotepu.

Fremu ingekuwa ya dhahabu au nyeusi, jibu letu lingekuwa usiiguse. Krimu haijazi mkwaruzo uliotoboa koti. Inakula koti lililobaki na kuacha doa lenye mng'ao tofauti. Alumini isiyong'aa nayo hupata baka la kung'aa lisiloondoka.

Swali: Nitajuaje kama fremu ni metali au plastiki iliyopakwa rangi? – *Msomaji, Githurai*

Jibu: Sumaku isikudanganye. Alumini na titani hazivutwi, na spika na kamera zina sumaku ndani zitakazoivuta hata simu ya plastiki. Jina la simu pia halitoshi: Galaxy A54 ina fremu ya plastiki, iliyoifuata, A55, ina ya alumini.

Tumia malitimita ya fundi, yaani kifaa cha kupimia umeme, iliyowekwa kwenye mlio. Gusa fremu kwa ncha zote mbili, umbali wa milimita 5, katika kipande kimoja kati ya mistari ya antena. Stenlesi tupu italia. Plastiki itanyamaza, lakini hata alumini yenye anodaizi itanyamaza, kwa kuwa oksidi haipitishi umeme. Kwa hiyo tafuta mkwaruzo wa zamani, uweke ncha zote mbili ndani yake. Ikilia, ni metali. Isipolia na ndani ya mkwaruzo hakuna kinachometameta, hiyo ni plastiki na bei ishuke. Ncha zisiingie kamwe kwenye tundu la chaji.

Swali: Mimi ni mwendeshaji boda. Kishikio cha simu kimekula fremu pande zote mbili. Nifanyeje? – *Msomaji, Kawangware*

Jibu: Meno ya kishikio yanakusanya vumbi la barabara, na mtetemo unalisugua. Kata vipande vya tyubu kuukuu ya baiskeli, uvigandishe kwenye meno kwa gundi ya raba, ukivifuta kila asubuhi kabla ya kupachika simu. Vikikauka na kuwa vigumu, vibadilishe. Meno yabane mahali pasipo na vitufe.

Kuna hatari nyingine ambayo tyubu haitaizuia. Mwaka 2021 Apple ilionya kuwa mtetemo wa injini kubwa za pikipiki, unaopitia kwenye usukani, unaweza kudhoofisha kitulizaji cha kamera, yaani kifaa kinachozuia picha kutikisika. Kwa pikipiki ndogo ilishauri kishikio chenye kifaa cha kupunguza mtetemo. Kama simu yako ina kamera yenye kitulizaji, nunua kishikio hicho, na usiiache simu kwenye usukani wakati huhitaji ramani.