Shangazi, kichupa chake na maji ya Newala

Mmeuliza wiki hii kama dawa ya homiopathi, ile inayozimuliwa mara nyingi mno, inasaidia mwili usikaukiwe maji. Mi nina swali lingine, kwa nini mtu hanywi maji, maana huku Newala, Mtwara, hapo ndo penye uzito.

Shangazi yangu alianguka shambani Novemba, msimu wa korosho. Tumeokota tangu alfajiri, saa sita mchana yuko chini ya mkorosho anatenganisha korosho na mabibo, nikasikia wanaita, nakimbia namkuta chini, midomo imepasuka, anaongea vitu havieleweki. Tukampepea na kanga, alipopata fahamu tukamnywesha kidogo kidogo, na cha kwanza kuuliza ni maji ya nyumbani yamebaki ndoo ngapi! Kumbe tangu jana yake kanywa vikombe viwili tu. Huku juu tunategemea kukinga mvua, Novemba tanki limeisha, maji ni ya kununua kwa ndoo, basi yeye anawaachia wajukuu. Hiyo kitu inaniuma mpaka leo.

Zahanati wakampa ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, akakaa sawa. Baadaye binti yake akaleta kichupa cha vidonge vya homiopathi kutoka Dar, Natrum muriaticum 30C. Nikafuatilia, kumbe ni chumvi ya kawaida kama hii tunayoanika pwani, inazimuliwa sehemu moja kwa mia, na kuzimua huko kunarudiwa mara 30, mwisho hakuna chumvi iliyobaki humo. Niligomba sana. Mtu aliyetoka jasho anataka maji na chumvi yenyewe, na msimamo wangu ni huo huo.

Ila naandika hapa nakumbuka, binti alimwambia kila akinyonya vidonge ashushie bilauri nzima ya maji, mara tatu kwa siku, na shangazi anafuata. Maji ya kiu anaona anawanyima wajukuu, maji ya dawa hapana. Kichupa kilipoisha nimemnunulia kingine mimi mwenyewe. Kwa hiyo jibu langu kwa shangazi ni ndiyo, japo kinachomsaidia ni bilauri.

Mtoto akiharisha msijaribu hicho kichupa jamani, mpeni ORS na zinki, muwahi zahanati. Pakiti ikikosekana, lita moja ya maji safi, sukari vijiko vidogo sita, chumvi nusu kijiko kidogo, vyote vya kufuta.

Nimeanza kumjengea tanki kubwa zaidi, bado nadaiwa hela ya fundi, nataka mvua za Desemba zilikute limefunikwa.