Je, Tui la Nazi Ni Adui wa Moyo?

SWALI: Assalaam aleikum. Mimi ni mama wa mtaa wa Langoni, Lamu. Mume wangu ana umri wa miaka 54, na kutwa hushinda dukani amekaa. Amepimwa presha kwa siku tofauti, na kila mara imezidi 150 kwa 95. Daktari amemwandikia vidonge, akamwambia apunguze chumvi na tumbo. Tangu hapo jirani ananihimiza niache nazi kabisa, eti ni sumu ya moyo, ilhali mama mkwe anashikilia kwamba mafuta ya nazi ni dawa, na kila asubuhi humnywesha mwanawe kijiko kizima. Nimsikilize nani?

JIBU: Wa aleikumu salaam, mama. Kijiko hicho cha asubuhi kisitishwe, kwa heshima zote anazostahili mama mkwe, kwani karibu asilimia 90 ya mafuta ya nazi ni ya aina ile inayopandisha lehemu mbaya (kolesteroli) katika damu, na lehemu hiyo ndiyo inayojenga utando ndani ya mishipa inayolisha moyo. Hata hivyo, jirani naye amepita kiasi. Ukikuna nazi, kasimile lile zito la mkamuo wa kwanza ndilo lenye mafuta mengi. Basi mchuzi upike kwa tui la pili, kisha kasimile utie vijiko viwili tu mwishoni ili ladha isipotee. Siku ya wali wa nazi, samaki awe wa kuchoma. Siku ya samaki wa kupaka, wali uwe mweupe. Kinachomwelemea mtu ni mahamri kwa mbaazi za nazi asubuhi, wali wa nazi mchana na viazi karai jioni, siku nenda siku rudi.

Kwa presha ya mume wako, mimi ningeanza na chumvi kabla ya nazi. Chumvi huzuia maji mwilini, damu ikaongezeka wingi mishipani, na moyo ukalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyake vyote, na kiasi hicho huisha upesi mahali ambapo ng'onda, papa mkavu na achari haviondoki mezani. Ng'onda ukitaka kumpika, mwoshe, mloweke, umwage maji, umloweke tena, na mchuzi wake usiutie chumvi nyingine wala viungo vya pakiti, ambavyo vingi vimejaa chumvi. Ndimu, ukwaju, embe bichi, kitunguu saumu na bizari vitaziba pengo, na baada ya wiki chache ulimi huzoea. Samaki wabichi tunao, alhamdulillahi: jodari na nguru wana mafuta yenye manufaa kwa moyo, mradi wasizamishwe katika karai la mafuta.

Mboga nazo nakuomba usizihesabu kuwa pambo la sahani. Mwaka 1997 huko Marekani yalichapishwa matokeo ya utafiti wa watu wazima 459, ambao baadhi yao walilishwa kwa wiki 8 mboga na matunda kwa wingi, pamoja na maziwa yasiyo na mafuta mengi. Chumvi na uzito wao havikubadilishwa, lakini waliokuwa na presha ya juu walishuka kwa takriban 11 katika namba ile ya juu. Mchicha, mnavu, kunde, papai, na embe ngowe msimu wake ukifika vinatosha kabisa kwa kazi hiyo. Ila figo zake zikiwa na hitilafu, muulizeni daktari kwanza kuhusu ndizi na madafu, kwa sababu ya madini ya potasiamu yaliyomo.

Kuhusu tumbo, chukua utepe wa fundi cherehani umpime kiuno katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Mwanamume akizidi sentimita 94, hatari imeanza kupanda. Kila kilo anayopunguza huweza kuteremsha presha kwa karibu namba moja. Afunge duka baada ya Alasiri, atembee kwa haraka nusu saa kuelekea Shela, siku tano kwa wiki. Na vidonge asiviache kwa kujiona mzima. Kupunguza dozi ni uamuzi wa daktari.

SWALI: Nina miaka 27, naishi Malindi, na ni mwembamba. Navuta sigara chache na kunywa soda kila siku. Presha si ugonjwa wa wanene?

JIBU: La, mwanangu. Sigara hukaza na kuumiza mishipa ya mwembamba kama ya mnene, na hata chache zina madhara kwa moyo. Soda ya nusu lita huwa na sukari takriban gramu 50, ilhali kiwango bora kwa siku nzima hakizidi gramu 25. Acha sigara kwanza, kisha soda, na upime presha angalau mara moja kwa mwaka. Ikiwa baba au mama yako aliwahi kuugua moyo au kupata kiharusi, mwambie muuguzi siku hiyo hiyo ya kupimwa.