Maswali yenu kuhusu Surface: yai, wimbi na mnara wa kanisa

Safari iliyopita niligusia kidogo tu Surface, tamthilia ya Marekani ya viumbe wa ajabu wa baharini iliyokatwa mwaka 2006 kabla ya kufika mwisho. Mmeniandikia wengi kuliko nilivyotarajia, na wengine mna uchungu kama wangu. Nimechukua maswali yanayowafaa wengi.

Shikamoo. Nikiwa mdogo tuliangalia kwa jirani tamthilia ya kijana aliyeokota yai baharini akamfuga mnyama kwao kwa siri. Ndiyo hiyo? Niliona mwanzo tu. (Msomaji, Mwanza)

Marahaba. Ndiyo yenyewe. Kijana anaitwa Miles, anaishi Wilmington, mji wa pwani katika jimbo la North Carolina, na huko huko ndiko ilikopigwa. Yai analiweka kwenye tangi la samaki la nyumbani kwao. Linapoanguliwa, samaki wa baba hawana tena maisha. Kiumbe chenyewe anakiita Nimrod, kwa kifupi Nim.

Huo ni uzi mmoja kati ya mitatu. Wa pili ni wa Laura Daughtery, mtaalamu wa bahari anayemlea mwanawe peke yake. Anashuka na nyambizi ndogo ya utafiti, anakutana uso kwa uso na kitu kikubwa kuliko chochote kilichoandikwa vitabuni, na akirudi juu watu wa serikali wanamnyang'anya ushahidi wote. Wa tatu ni wa Rich Connelly, mtu wa kawaida kabisa wa Louisiana. Anazamia na mdogo wake kuwinda samaki, mdogo wake anamchoma mkuki mnyama asiyemjua, na mnyama anamvuta kwenda chini. Rich anaona mwanga wa ndugu yake ukipungua, ukipungua, mpaka giza linaufunika. Tangu hapo hana usingizi, hana kazi, hana nyumba. Anataka tu kujua ni nini kile.

Walioitunga ni ndugu pacha, Jonas na Josh Pate, wenyeji wa North Carolina. Ndiyo maana bahari ile haina sura ya bahari ya kuazima. Miaka mingi baadaye hadithi yao ikarudi pwani ile ile na tamthilia ya Outer Banks, ambayo vijana wengi mnaijua.

Mimi Surface niliimaliza kwa diski ya kuazima. Nilipofika sehemu ya 15, wimbi kubwa limeshaupiga mji, Laura, Rich na Miles, ambao wamekutana mwishoni kabisa, wamekimbilia mnara wa kanisa pamoja na rafiki wa Miles. Chini yao ni maji, kila upande maji. Skrini ikawa nyeusi. Nikadhani diski ina mkwaruzo. Nikaitoa, nikaifuta kwa pindo la kanga, nikairudisha. Ikaishia pale pale.

Kwa nini waliikata? Mbona ilikuwa nzuri? (Msomaji, Nairobi)

Uzuri peke yake haukuwa unatosha. Wakati ule kituo kikubwa cha Marekani kama NBC kilikula kwa matangazo ya biashara. Mtazamaji halipi, anayelipa ni muuza sabuni na muuza magari, naye anataka kujua wangapi wameketi mbele ya televisheni, hasa wenye umri wa miaka 18 hadi 49. Tamthilia ya bahari nayo ni ghali. Kuna maji, mashua na wazamiaji, na kila mnyama anachorwa kwa kompyuta. Hadithi ya polisi na mahakama inataka meza mbili na koti jeusi.

Kwa maoni yangu kilichoiumiza zaidi ni kalenda. Ilianza Septemba 19, 2005, na sehemu ya mwisho ikarushwa Februari 6, 2006. Siku chache baadaye NBC ikageukia Olimpiki ya majira ya baridi ya Torino, na Surface haikurudi tena. Mei hiyo, vituo vilipowatangazia wafanyabiashara ratiba ya msimu mpya, jina lake halikuwemo. Msimu uliofuata Jumatatu za kituo kile zikawa za tamthilia mpya, Heroes.

Kumbukeni pia kwamba hadithi yenye siri inayofunguliwa kidogo kidogo inataka mtu asikose wiki. Mwaka 2005 aliyekosa alikuwa amekosa. Leo mtu anaangalia sehemu zote 15 kwa usiku mbili. Nasadiki kabisa kwamba ingezaliwa miaka kumi baadaye ingeishi.

Ni kweli mwaka ule zilitoka nyingine za namna hiyo na zote zikafa? (Msomaji, Toronto)

Kweli. Septemba ile ile CBS ilikuwa na Threshold, inayoanzia kwenye meli iliyokutwa na jambo baharini, na ABC ilikuwa na Invasion, inayoanza kwa kimbunga huko Florida, wiki chache tu baada ya kimbunga halisi cha Katrina. Threshold ilitolewa hewani hata sehemu zilizokwisha kutengenezwa hazijaisha. Invasion ilimaliza msimu mmoja. Vituo vitatu, hadithi tatu zinazofanana harufu, wiki moja. Walikuwa wakigombea mtazamaji yule yule.

Mimi ni mvuvi mstaafu. Haya mambo ya mnyama mkubwa asiyejulikana ni uongo wa sinema au yanawezekana? (Msomaji, Tanga)

Mzee wangu, wewe ndiye wa kunifundisha, maana jibu liko nyavuni kwenu.

Desemba 1938, huko East London, Afrika Kusini, msimamizi wa makumbusho Marjorie Courtenay-Latimer aliona kwenye shehena ya meli ya uvuvi samaki wa rangi ya buluu mwenye mapezi yaliyokaa kama miguu mifupi. Alikuwa silikanti. Wataalamu walikuwa wakimjua kwa mifupa iliyogeuka jiwe tu, wakiamini alitoweka miaka milioni 66 hivi iliyopita, pamoja na dinosaria. Ilichukua miaka 14 kumpata wa pili, mwaka 1952, Komoro. Na hapa ndipo moyo wangu hudunda kila ninaposimulia: wavuvi wa Komoro hawakushangaa. Walikuwa na jina lake, gombessa, na walijua kwamba nyama yake si ya kutamaniwa. Dunia nzima ilikuwa ikimtafuta mnyama ambaye wazee wa kisiwani walikuwa wakimtupa.

Kuanzia mwaka 2003 wakaanza kunaswa Tanzania pia, kwenye majarife yaliyotegwa kilindini kwa ajili ya papa. Pwani ya Tanga, karibu na Kigombe, walipatikana wengi kiasi kwamba mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Samaki huyu anaweza kufika karibu mita mbili na uzito wa kilo tisini na zaidi. Mchana hujificha mapangoni, mita mia na kitu hadi mia mbili na zaidi chini. Ngalawa hupita juu yake kila alfajiri.

Tena Septemba ile ile ya 2005, siku chache baada ya Surface kuanza, Wajapani Tsunemi Kubodera na Kyoichi Mori walichapisha picha za kwanza za ngisi dubwana akiwa hai kilindini mwake, kiasi cha mita 900 chini, karibu na visiwa vya Ogasawara. Kabla ya hapo alijulikana kwa mizoga na kwa vipande vilivyokutwa matumboni mwa nyangumi.

Kwa hiyo mnyama wa ukubwa wa nyumba kama wa kwenye tamthilia hatujamwona. Lakini Laura anaposhuka gizani na taa mbili tu mbele yake, hapo waandishi hawakudanganya.

Na umeme je? Nim anapiga shoti, na wakubwa wa aina yake wanazima mitambo. Inawezekana? (Mwanafunzi, Morogoro)

Shoti, ndiyo. Kuna aina za samaki waitwao taa wanaotoa umeme kuwalegeza samaki wengine, na kwenye mito ya Amerika Kusini kuna samaki mwenye umbo la mkunga aliyepimwa akitoa volti 860. Kuzima injini ya meli ni chumvi ya watunzi. Vivyo hivyo kuhusu joto: tangu mwaka 1977, watafiti waliposhuka karibu na Galápagos, tunajua kuna uhai uliojaa kwenye chemchemi za moto chini ya bahari, pasipofika jua kabisa, wakiwemo minyoo mirefu ya mita mbili. Kuishi karibu na moto wa dunia, sawa. Kuchimba kuingia ndani yake kama viumbe wa Surface, bado hatujaona. Na kumbuka, ndani ya hadithi wale si wa asili, ni kazi ya binadamu waliochezea vinasaba. Kwangu hiyo ndiyo zamu bora ya tamthilia nzima, kwa sababu Miles anabaki na swali gumu: anamlea mnyama, au anaficha kosa la mtu mwingine?

Mwisho wa wimbi ulinikera. Tsunami ilikuwa imeua watu juzi tu. (Msomaji, Mombasa)

Nakuelewa, dada. Ilirushwa miezi 13 na kitu baada ya Desemba 26, 2004, na sisi wa pwani hii hatukuisikia redioni tu. Wimbi lililotoka Sumatra liliua watu karibu 300 Somalia, likaua Tanzania na Kenya pia. Hata hivyo sikuona dharau ndani yake. Hawakuonyesha wimbi kama fataki. Walionyesha watu wakigonga milango ya majirani, wakihangaika kuwakusanya wao kwa wao.

Mwanangu ana miaka kumi, anapenda wanyama. Nimwonyeshe, au nitamvunja moyo kwa kuwa haina mwisho? (Mama, Dodoma)

Mwonyeshe, ila ukae naye, maana kuna vifo na vitisho. Na mwambie tangu siku ya kwanza kwamba zipo sehemu 15 na hakuna ya 16, haikupigwa wala haikufichwa popote. Asigundue peke yake kama mimi.

Binti yangu aliiona akiwa na umri huo huo. Skrini ilipokuwa nyeusi hakulia. Alichukua penseli akachora mnara, watu wanne dirishani, na Nim akiogelea kuelekea kwao akivuta mashua kwa kamba iliyofungwa shingoni. Mashua ameichora na tanga, kama za kwetu. Karatasi hiyo ipo mpaka leo, imekunjwa ndani ya kasha la diski ambayo hatukuirudisha.