Jibu: Mikono ya Venus wa Milo ilipotelea wapi?

Ndugu, umeuliza kama ni kweli Venus wa Milo, ile sanamu ya kale ya Kigiriki ya mungu wa kike wa mapenzi, alivunjika mikono alipogombaniwa ufukweni. Hadithi tamu hiyo, ila mimi siikubali. Mkulima aliyemfukua kisiwani Milos, Ugiriki, mwaka 1820 alimkuta tayari vipande vipande, mikono haipo. Na hakuchongwa kwa jiwe moja: ni mapande mawili makubwa ya marumaru yaliyounganishwa nyongani, pale nguo inapoanza kukunjamana. Mtazame vizuri, mshono unaonekana.

Balozi wa Ufaransa kwa Sultani wa Uturuki, Marquis de Rivière, ndiye aliyemnunua, kisha akamtunuku Mfalme Louis XVIII. Tangu 1821 yuko Louvre, jumba la makumbusho la Paris.

Safari zake nyingine ni za ukimbizi. Mwaka 1870 Waprusi (Wajerumani) walipoijia Paris kivita, alitiwa sandukuni akafichwa chini ya makao makuu ya polisi. Mwaka uliofuata jengo hilo likateketea kwa moto, bibi akatoka mzima! Mwaka 1939, vita vilipozuka, akakimbizwa tena, kasri la Valençay huko huko Ufaransa. Ya matembezi ni ile ya 1964 tu, Japani: Tokyo, halafu Kyoto.