Kuvumwani za ukutani na moshi wa jaa

Dada, umeuliza kama zile kuvumwani, vimea vidogo laini vya kijani kwenye kuta za mawe hapa Lamu, zinaweza kuonyesha moshi wa jaa la taka unafika wapi. Zinaweza, lakini si za ukutani.

Kuvumwani haina mizizi ya kweli. Inakunywa maji ya mvua na kunasa vumbi moja kwa moja kwa majani yake, kwa hiyo risasi, kadimiamu na metali nyingine zenye sumu zinazobebwa na moshi hujikusanya humo miezi na miaka. Wataalamu wa Sweden walianza kuitumia hivyo mwishoni mwa miaka ya 1960. Kule Portland, Marekani, mwaka 2013 watafiti walichukua sampuli 346 kwenye miti ya mjini, wakachora ramani, na kadimiamu ikaonekana imejaa karibu na viwanda vya vioo. Hakuna aliyekuwa akivishuku!

Sasa kuta zetu ni za matumbawe na chokaa, kwa hiyo utapima ukuta badala ya hewa. Tena kwetu kuna ukame na chumvi ya bahari, kuvumwani haioti kila mtaa. Njia nzuri ni vifuko vya wavu: chukua kuvumwani safi ya aina moja, ioshe, itundike sehemu nyingi kwa wiki kadhaa, kisha maabara ipime. Baki na kifuko kimoja ambacho hakikutundikwa, cha kulinganishia. Na usisahau upande wa pepo: kaskazi na kusi hazipeleki moshi kwa majirani walewale.

Ila hiyo itakuambia kilichotua, si kiasi mnachovuta kifuani.