Maswali ya Wasomaji: Nimrudisheje Shujaa wa Zamani?

SWALI: Ndugu Mhariri, pokea salamu zangu. Marehemu mjomba wangu alikuwa akichora katuni za shujaa mmoja katika jarida dogo lililokoma kutoka mwaka 1988. Mkaza mjomba amenikabidhi michoro yote na kunipa ruhusa ya kuendeleza hadithi zile. Rafiki yangu mmoja ananishauri nianzie pale pale zilipoishia. Mwingine asema jina la shujaa nimpe kijana mpya. Wamarekani, ambao wamewarudisha mashujaa wao mara nyingi, walifanyaje? Msomaji, Tanga.

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa kuondokewa na mjomba, na hongera kwa kuaminiwa na urithi wake.

Shujaa atakayekufunza zaidi ni Captain America, kwa kuwa yeye alirudishwa mara mbili, ya kwanza akakataliwa, ya pili akapokewa. Walimbuni Joe Simon na Jack Kirby, na kitabu chake cha kwanza kina tarehe ya Machi 1941. Jaladani anaonekana akimtandika Hitler ngumi ya uso, wakati Marekani yenyewe ilikuwa bado haijaingia vitani. Vita vilipokwisha wasomaji walipungua, na kufikia mwaka 1950 mfululizo wake ulikuwa umesimamishwa. Mwishoni mwa 1953 wachapishaji wakamtoa tena ili apambane na Wakomunisti, mavazi yale yale, ngao ile ile, na kijana msaidizi wake Bucky ubavuni, kana kwamba hakuwahi kuondoka. Kitabu chake kilichofufuliwa mwaka 1954 kilitoka matoleo matatu tu kikafa. Huo ndio ushauri wa rafiki yako wa kwanza, na matokeo yake ni hayo.

Mara ya pili Marvel, kampuni iliyomchapisha, ilikwenda kwa tahadhari. Mwaka 1963, katika kitabu cha Strange Tales namba 114, mwandishi Stan Lee na Kirby walimleta tapeli aliyejivika mavazi ya Captain America, kisha mwishoni wakawauliza wasomaji kama wangependa kumwona mwenyewe halisi. Miezi michache baadaye, katika kitabu cha Avengers namba 4 chenye tarehe ya Machi 1964, mwenyewe akaopolewa baharini, akiwa ameganda kwenye barafu tangu wakati wa vita na asijue kwamba karibu miaka ishirini imempita. Alipozinduka alimwita Bucky kwa kelele, na Bucky alikuwa amekufa katika mlipuko wa ndege siku ile ile yeye alipotumbukia majini. Baadaye anatembea New York kama mgeni, na polisi mmoja anapomtambua machozi yanamtoka. Kisa hicho nimekisoma mara nyingi, na kila mara nasimama kwenye uso wa yule polisi, kwa sababu yeye ndiye msomaji aliyekua na kuzeeka wakati shujaa wake hayupo. Lee na Kirby hawakuificha ile miaka. Waliifanya jeraha la shujaa, na jeraha hilo likawapa waandishi waliowafuata hadithi za kusimulia kwa miongo mingi.

Hadithi za miaka ya hamsini, ambazo sasa hazikuweza kupatana na habari ya barafu, zilipata maelezo mwaka 1972, pale mwandishi Steve Englehart na mchoraji Sal Buscema walipoonyesha kwamba yule alikuwa mtu mwingine aliyejitwalia jina na sura ya shujaa.

Ushauri wa rafiki yako wa pili nao una mfano wake, na ni mfano mzuri. Flash, shujaa mwenye mbio za ajabu, wa kwanza wake aliitwa Jay Garrick; alianza mwaka 1940, na kitabu chake kikafungwa mwaka 1949. Mwaka 1956, katika kitabu cha Showcase namba 4, mhariri Julius Schwartz pamoja na Robert Kanigher na Carmine Infantino walimpa jina hilo mtu mpya, Barry Allen, mtaalamu wa maabara ya polisi. Kabla radi iliyompa mbio zake haijampiga, Barry anaonekana akisoma kitabu cha katuni cha Flash wa zamani; kwa mchoro mmoja tu mzee akapewa heshima yake na kijana akapewa nafasi. Mwaka 1961 hao wawili walikutanishwa katika hadithi moja.

Ushauri wangu ni kwamba umrudishe shujaa yule yule wa mjomba, lakini miaka tangu 1988 uihesabu. Usiogope hata kumrejesha aliyekufa, mradi kutokuwepo kwake kuwe kumemgharimu: Bucky alirudishwa mwaka 2005 na Ed Brubaker na Steve Epting baada ya kubaki mfu kwa miaka arobaini ya uchapishaji, naye alirudi akiwa muuaji aliyefutwa kumbukumbu na kutumwa na Wasovieti, jambo lililowafanya hata waliopinga kurudi kwake wamsome.

Kwa hiyo, kabla ya kushika kalamu, kaa na mkaza mjomba uchague mtu mmoja ambaye shujaa wenu alimpenda katika michoro ya zamani. Ukurasa wa kwanza shujaa aulizie habari zake, na atakayemjibu awe mtu mzima aliyekuwa akimsoma utotoni.