Kabla hujapika, muangalie mdomoni

Wiki hii mmeuliza, mtoto akiwa na tetekuwanga na amegoma kula tumpe nini. Mi naomba nianzie mdomoni maana ndo penye kesi yenyewe. Wengi tunaona vipele vya tumboni na mgongoni, tunahangaika na losheni ya kalamaini, kumbe vingine vimetoka kwenye ulimi, kwenye fizi, saa nyingine hadi kooni, na vikipasuka vinabaki vidonda vidogo vyeupe, sasa mtoto akisukuma kijiko mnasema anadeka. Hadeki jamani, anaumia. Mpeleke kwenye mwanga, mwambie aseme aaa, angalia na ndani ya mashavu.

Wa kwangu wa pili alivyougua, jirani kwa roho nzuri kabisa alimletea juisi ya pesheni, mtoto akapiga funda moja akashika shavu, machozi hayo. Basi vitu vichachu vyote weka kando kwanza, pesheni, chungwa, ndimu, barafu za ukwaju na ubuyu, na vyenye chumvi nyingi au pilipili, na vikavu vya kukwaruza kama krispi na karanga. Kilichokubali kwake ni ndizi mbivu niliyoiponda kwa uma mpaka ikalainika kabisa nikachanganya na maziwa yaliyopoa, nampa kijiko cha chai kimoja, nasubiri ameze, kingine. Uji wa ulezi pia poa ila uache upoe kweli, usiwe hata wa vuguvugu la kuchoma, na mtori, parachichi, papai, viazi vya kuponda, barafu za maziwa za kulamba, hizo zinatuliza mdomo na anapata chochote tumboni. Kama hataki sahani nzima msimlazimishe, mpeni kidogo kidogo kila baada ya muda.

Halafu hii ya kuwanyima watoto mayai, samaki na maziwa eti vipele vitazidi. Jamani tetekuwanga ni kirusi, na vipele vyake vinatoka kwa awamu siku kadhaa mfululizo, ule usile. Ndo maana mtu akimpa mtoto yai Jumanne, Jumatano vikatoka vingine, lawama zote kwa yai. Labda kama mtoto ana aleji na yai tangu zamani, hapo sawa, ila kama hana, mwili unaopigana na homa mnaunyima protini kwa kosa gani? Yai la kuchemsha ukilivuruga kwenye viazi laini linapita vizuri tu.

Ila siku mbili za mwanzo mi nahangaika zaidi na vinywaji kuliko chakula, kwa sababu homa inakausha maji mwilini. Maji safi, dafu, maziwa, chai ya maziwa iliyopoa, chochote anachokubali, funda mbili tatu kila mara. Anayenyonya aendelee kunyonya, na akiachia ziwa kwa maumivu mkamulie umpe kwa kikombe kidogo. Asali ya kulainisha koo ni kwa aliyevuka mwaka 1 tu, chini ya hapo ni hatari.

Kitu kingine kinachosaidia sana, mpe parasetamo ya maji kama nusu saa hivi kabla ya kula, kipimo kulingana na uzito wake, maumivu yakishuka utaona anafungua mdomo mwenyewe. Aspirini msimpe kabisa, inaweza kuharibu ini na ubongo wa mtoto mwenye tetekuwanga, na ibuprofeni pia acheni mpaka daktari aseme.

Sasa akikaa masaa 6 mpaka 8 hajakojoa, au analia bila machozi, anatapika kila kitu, amelegea hata kuamka shida, au anahema haraka, hapo habari za uji zimeisha, ni hospitali, na ukifika waambie mapema kabisa kwamba ni tetekuwanga ili msikae benchi moja na wajawazito na vichanga.

Vipele vikishakauka vikawa maganda njaa inarudi kwa kasi, hapo muongezeeni mlo mmoja zaidi kwa siku kwa wiki 2 hivi, dagaa, maharage, mayai, mboga, mpaka nyama irudi mashavuni.